Wagaki Githinji, Aliyeuchunguza Mzizi wa Mahindi
(1944–1986)

Tunayemsindikiza leo, hapa Kawangware, ni Wagaki, binti ya Mzee Naftaly Githinji na marehemu Mama Waruguru. Wengi mliofika mlimjua kwa majina tofauti. Chuo kikuu alikuwa Mwalimu. Kibera, pale Kambi Muru, alikuwa Mama Suad. Hapa nyumbani alibaki Wagaki tu, hata baada ya kupata shahada mbili. Ndugu yake mdogo, Kiragu, ndiye aliyeombwa na familia ayaweke pamoja maisha yake na kuyasoma mbele yenu.

Wagaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa kwanza katika boma hili hili, wakati Kawangware ilipokuwa mashamba na vijia, na mtu angeweza kumwita jirani kwa sauti kutoka upande wa pili wa bonde. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama Waruguru alipenda kusimulia kwamba binti yake alikuwa mtoto mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: hakuacha mbegu ardhini. Mama alipanda maharagwe asubuhi, na kabla ya wiki kuisha Wagaki alikuwa amerudi shambani, amepiga magoti, anafukua. Mbegu nyingine alizipanda kichwa chini makusudi ili aone kama mzizi utatokea juu.

"Wewe mtoto, utaacha lini kufukua chakula chetu?" mama yake alimuuliza siku moja, akiwa na fimbo mkononi.

"Maitu, mzizi umegeuka wenyewe," Wagaki alimjibu, akimwonyesha mbegu yenye mzizi uliojipinda kama ndoano. "Ni giza huko ndani. Nani ameuambia chini ni wapi?"

Fimbo haikutumika. Lakini maharagwe ya mstari ule yalipandwa upya, na aliyeyapanda ni Wagaki.

Alianza masomo katika shule ya kanisa hapa kijijini. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni masomo yalikatika, kama yalivyokatika kwa watoto wengi wa eneo hili la Dagoretti, na alikaa nyumbani akiwafundisha kusoma watoto wadogo kuliko yeye. Shule ilipofunguliwa alirudi, akafaulu, akaenda shule ya bweni ya wasichana kule Thika. Mwaka 1965 aliingia chuo kikuu hapa Nairobi kusomea sayansi. Siku ya kumpeleka, Mzee Githinji alivaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, akalibeba sanduku la binti yake begani kuanzia kituo cha Kawangware 56 mpaka mlangoni pa bweni, na hakumruhusu mtu amsaidie. Alihitimu mwaka 1968.

Alifundisha biolojia katika shule ya upili kwa miaka miwili, na mwaka 1970 chuo kikuu kilimwajiri kama mkufunzi msaidizi katika idara ya botania. Hapo ndipo alipolikuta tena swali lake la utotoni, safari hii chini ya hadubini.

Kwa kuwa wengi wetu tulimsikia akilizungumzia bila kulielewa, ni haki yake lielezwe leo kama alivyopenda kulieleza, polepole. Ncha ya mzizi ina kofia ndogo, ndogo kuliko kichwa cha pini. Katikati ya kofia hiyo kuna seli, na ndani ya kila seli mna chembe za wanga, nzito kuliko maji yanayozizunguka. Kwa sababu ni nzito, huzama na kutua kwenye sakafu ya seli, kama mchanga unavyotua chini ya ndoo. Ukiulaza mzizi ubavu, chembe zile hubiringika na kutua upande ambao sasa ndio chini. Zikishatua, habari husafiri kutoka kwenye kofia hadi nyuma kidogo, pale mzizi unaporefukia. Kichocheo cha ukuaji hukusanyika upande wa chini na kuuchelewesha. Upande wa juu huendelea kukua. Basi mzizi wote hupinda kuelekea chini. Ukiikata ile kofia kwa mkono mwepesi, mzizi haufi. Unaendelea kukua, lakini hauna habari ya chini wala juu. Siku moja au mbili baadaye kofia huota upya, chembe zikajaa tena, na mzizi huanza kupinda.

Hakudai kuwa yeye ndiye aliyeyagundua hayo. Yalikuwa yameandikwa na watu wa nchi nyingine. Kazi yake ilikuwa kuyafuatilia katika mahindi yanayopandwa kwetu, seli kwa seli, na kutafuta jambo ambalo lilikuwa halijajulikana: chembe zikishatua, ni kitu gani ndani ya seli kinachouhisi uzito wake? Mulwa, aliyekuwa mwanafunzi wake, amekumbusha familia somo ambamo yeye alimuuliza Wagaki swali hilo mbele ya darasa zima.

"Sijui, Mulwa," Wagaki alimjibu.

Wanafunzi walicheka, wakidhani anatania.

"Msicheke. Sijui kabisa. Wengine wanasema zinaukandamiza utando fulani ulio ndani ya seli. Mimi nimeangalia na sijaona. Mkimaliza kucheka, njooni muangalie na nyinyi."

Mwaka 1971 mashine ya idara ya kuzungusha miche iliharibika. Ilikuwa sahani iliyosimama wima na kuzunguka taratibu, ili mzizi usilale upande mmoja muda wa kutosha chembe zitue. Hakukuwa na vipuri. Mwenzake mmoja, Apiyo, alimwambia kuna fundi wa saa Kibera ambaye hashindwi na kitu chenye meno. Wagaki alifunga vipande vya mashine ndani ya kikapu, akaenda.

Fundi huyo alikuwa Osman Fadlalla, kijana wa Kinubi, ambaye babu yake aliletwa Kibera akiwa askari. Osman alikigeuzageuza kile alicholetewa.

"Sasa dada, hii ni saa ama ni nini? Mbona haina mishale?"

"Sitaki inionyeshe saa. Nataka tu izunguke polepole, isisimame."

"Izungushe nini?"

"Mahindi."

Osman aliiweka chini koleo yake. "Mahindi yazungushwe ya nini?"

"Ili yasijue chini ni wapi."

Alimtazama kuona kama ana akili timamu, akaona anazo. "Basi acha kwangu," akasema. "Nitayachanganya mpaka yakome."

Aliitengeneza kwa mtambo wa saa kubwa ya ukutani, na ilizunguka vizuri kuliko ile ya zamani. Wagaki alirudi kushukuru kwa kazi hiyo, kisha akarudi tena bila kuwa na kitu cha kutengenezwa.

Walioana tarehe 12 Agosti 1972 mbele ya msajili wa ndoa, mjini Nairobi. Wagaki hakubadili dini yake na Osman hakumwomba abadili. Familia inalisema hili wazi kwa sababu Wagaki mwenyewe hakulificha: Mzee Githinji aliikataa ndoa ile. Alikuwa mzee wa kanisa, na binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa na Mwislamu. Tena alikuwa mtu wa shamba, na mkwe wake alitoka kwa watu wasiokuwa na hati ya ardhi wanayoishi. Alimwambia Wagaki akishatoka kwenye lango lile asirudi, na kwamba hana mahali kwake, akiwa hai au akiwa maiti. Wagaki alimsikia mpaka mwisho, akamuaga mama yake, akatoka. Miaka kumi ilipita bila baba na binti kusemezana.

Kambi Muru ilimpokea. Mama mkwe wake, Fatna, ambaye wajukuu na majirani humwita Haboba, yaani nyanya, alimfundisha mapishi ya kwao, na kila Jumapili alimpigia pasi nguo ya kwenda kanisani. "Usiende kwa Mungu na makunyanzi," alimwambia. Mwaka wa kwanza Wagaki aliacha sahani za miche chumbani, zimelazwa ubavu gizani chini ya kitanda. Haboba alipofagia aliziona, akadhani zimeanguka, akazisimamisha zote vizuri. Wagaki aliporudi alikuta kila mzizi umepinda mara mbili, kama mtu aliyesahau kitu njiani. Badala ya kukasirika alicheka hadi akakaa sakafuni, akamwita Haboba aone. Tangu siku ile Haboba alikuwa akiuliza kabla ya kufagia, "Mama, watoto wako wamelala ama wameanguka?"

Mwaka 1974 walijaliwa binti, Suad Waruguru. Jina la pili Wagaki alilitoa akijua kwamba mwenye jina hataruhusiwa kuja kumbeba mtoto. Mama Waruguru alimwona mjukuu wake sokoni, kwa siri, mara chache, akimpakata nyuma ya vibanda vya mboga na kumrudisha haraka.

Mama Waruguru alifariki tarehe 3 Juni 1979. Wagaki alikuja kwenye mazishi akiwa na Suad. Familia iliposimama kando ya kaburi, yeye alisimama nyuma ya majirani, karibu na ua, amemshika mtoto mkono. Jirani mmoja, Mama Wakarima, alimwambia asogee mbele. "Niko sawa hapa, Mama," alisema. "Namwona." Hakumlaumu mtu. Alipofika nyumbani kwake alilala siku mbili, Osman akimpelekea chai ambayo hakuinywa.

Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi tunalolikumbuka sote, chuo kikuu kilifungwa. Miche yake yote ilifia maabara. Alikuwa katikati ya utafiti wa shahada ya uzamili, na hakuna aliyejua chuo kitafunguliwa lini. Aliruhusiwa kuazima hadubini moja ya zamani, naye Osman akamuundia mashine nyingine. Lakini moshi wa majiko ya Kibera uliingia kila mahali, na mizizi ikivuta moshi huenda ovyo, haiwezi kuaminiwa. Alihitaji chumba chenye giza, kikavu, kisichofikiwa na moshi. Alijua kimoja tu: stoo ya mawe ya baba yake.

Alikaa na wazo hilo zaidi ya mwezi. Osman alimwambia asiende kujidhalilisha. Alikwenda.

Mzee Githinji alikuwa amekaa uani akipukuchua mahindi. Aliinua macho, akayarudisha kwenye gunzi.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Baba. Wagaki."

"Unataka nini?"

"Stoo. Nikopeshe stoo."

"Ya kuweka nini?"

"Mahindi."

Mzee alipukuchua gunzi lote mpaka likaisha. "Magunia mangapi?"

"Hayafiki gunia, Baba. Ni sahani mbili."

Kiragu alikuwapo, na hakuweza kujua kama baba yake amekasirika au anajizuia kucheka. Mzee alimwambia Kiragu, "Mpe ufunguo," akainuka akaingia ndani.

Kwa miezi mingi Wagaki alikuja kila siku kwa miguu kutoka Kibera, akafanya kazi yake, akafunga, akaondoka. Baba yake alipita mbele ya mlango wa stoo bila kugeuza shingo. Lakini watu wa nyumbani walianza kuona kikombe cha uji kizingitini, kimefunikwa kwa kisahani, na hakuna aliyesema amekiweka.

Siku moja, ilikuwa mwanzoni mwa 1983, Mzee alisimama mlangoni. "Nionyeshe," alisema.

Wagaki alimpisha kwenye hadubini. Alikuwa ameweka kipande chembamba cha ncha ya mzizi, kilichotiwa iodini ili wanga uonekane. Mzee alifumba jicho moja, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Naona vitu vyeusi. Vimelala chini, kila chumba."

"Ndizo chembe. Sasa angalia huu, niliulaza ubavu kabla ya kuukata."

Aliangalia. "Vimehama."

"Vimehama, Baba."

Mzee aliinuka, na macho yake yakaangukia mashine iliyokuwa ikizunguka mezani. Aliinama kuyatazama meno yake, jinsi yalivyochongwa na kukaa sawa. Alikuwa mtu aliyeheshimu kazi ya mikono maisha yake yote.

"Hii nani ameitengeneza?"

"Osman."

Aliyatazama meno tena. Kisha akasema, "Saa ya mama yako imesimama tangu alipoondoka. Imewashinda mafundi wa hapa. Muulize kama anaweza kuiangalia."

Osman alikuja Jumapili iliyofuata, akiwa na sanduku lake la vifaa, na Suad. Aliishusha saa ukutani, akaifungua kwenye meza ya chakula, na Mzee akakaa karibu akimshikia taa. Hawakuzungumza mambo ya miaka iliyopita. Walizungumza juu ya springi. Saa ilipolia, Mzee Githinji aliingia chumbani kwake, na Wagaki akamfuata. Kilichosemwa humo ni chao wawili. Walipotoka, Mzee alimchukua Suad magotini kwa mara ya kwanza, naye mtoto akamuuliza babu yake, "Guka, mbona unalia na saa imepona?"

Chuo kilifunguliwa tena, na Wagaki akarudi kufundisha. Katikati ya mwaka 1984 aligundua uvimbe katika titi la kushoto. Alipasuliwa, akatibiwa kwa miale na kwa dawa kali, na kwa muda ilionekana amepona. Katika muda huo alimalizia tasnifu yake. Mwaka 1985 alipewa shahada ya uzamili, akiwa amefunga kitambaa kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha. Mzee Githinji na Haboba Fatna walikaa bega kwa bega siku hiyo, na kwa kuwa mmoja alikuwa hasikii vizuri na mwingine alikuwa haoni vizuri, walisaidiana kuifuata shughuli.

Mwishoni mwa mwaka ugonjwa ulirudi, sasa mifupani. Alifundisha mpaka Februari, akiwa amekaa kwenye kiti. Alisikitika juu ya jambo moja la kazi yake, na alilisema bila kuficha: alikuwa ameziona chembe zikitua mara nyingi mno, na hakuwahi kuona kinachozipokea. Juu ya Suad alisikitika zaidi. "Ana miaka kumi na mbili," alimwambia Kavetsa, rafiki yake wa kanisani. "Ningepewa mitano tu ya ziada, nisingesumbua mtu."

Miezi yake ya mwisho aliuguzwa nyumbani Kambi Muru. Haboba alimgeuza kitandani, akamlisha, akamkanda miguu. Kiragu alimpelekea maziwa kutoka Kawangware kila asubuhi, na Mzee alihakikisha mwenyewe kwamba chupa imejaa. Ijumaa tarehe 9 Mei 1986 Osman hakutaka kwenda msikitini. Wagaki alimwambia, "Nenda ukaniombee. Niko na Haboba." Osman alikwenda. Aliporudi swala ikiwa imekwisha, mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda, mkono wa Wagaki ndani ya mikono yake, na Wagaki alikuwa ameshaaga dunia. Osman alilia kwamba hakupaswa kutoka. "Alikutuma mwenyewe, mwanangu," Haboba alimwambia. "Alitaka upate nguvu kidogo kabla ya hii."

Haboba na Kavetsa walimwosha pamoja, kila mmoja akiomba kwa lugha yake. Osman aliwaeleza wazee wa Kambi Muru kwamba mkewe ni Mkristo, na kwamba atamtafutia kaburi katika makaburi ya umma, kwa kuwa alilijua neno lililosemwa mwaka 1972 na hakutaka kumkumbusha mtu.

Jumamosi asubuhi Mzee Githinji alifika Kibera. Alikuwa hajawahi kukanyaga Kambi Muru. Aliuliza njia mpaka akafika, akavua kofia mlangoni, na akakataa kiti mpaka aseme lililomleta.

"Osman, mwanangu," alisema, "nilimfukuza akiwa hai, akarudi kwa miguu yake. Sasa hawezi kuja mwenyewe. Nakuomba unisaidie kumleta nyumbani."

Osman alimshika Mzee mkono kwa mikono miwili. Haboba ndiye aliyesema, "Tutamleta, baba. Sote."

Ndiyo sababu tuko hapa, Alhamisi hii ya tarehe 15 Mei 1986, watu wa Kawangware na watu wa Kibera katika boma moja. Mahali pake, kando ya Mama Waruguru, Mzee alipachagua mwenyewe, na jana jembe la kwanza lilipigwa na Osman.

Kiragu alipompelekea baba yake wasifu huu ausikilize kabla haujachapwa, alikuwa ameanza orodha ya waliobaki kwa jina la mzazi, kama ilivyo kawaida. Mzee alimsimamisha. "Anza na mume wake," alisema. "Kisha mtoto. Kisha yule mama aliyemuuguza. Mimi niweke baada ya hao."

Wagaki amemwacha mume wake, Osman Fadlalla. Binti yake, Suad Waruguru. Mama mkwe wake, Fatna. Baba yake, Mzee Naftaly Githinji. Ndugu yake, Kiragu. Pamoja na wanafunzi wake, na marafiki wa kanisa na wa Kambi Muru.

Mungu amfutie uchungu wote aliouvumilia, na amlaze mahali pa utulivu.